Mama wa Ituri kwenye jukwaa la New York: mwigizaji alipata tuzo, ushuhuda ulifika wapi?

Mwezi wa pili 2009, katika ukumbi mmoja wa teatre mjini New York, mwanamke Mmarekani alikuwa anapanda jukwaani karibu kila jioni na kugeuka mtu mwingine. Jina lake ni Quincy Tyler Bernstine. Pale jukwaani aliitwa Salima, mama kijana wa Ituri. Salima alikuwa shambani anavuna tomati wakati wanajeshi walimchukua. Mtoto wake mdogo aliuawa. Yeye walimweka porini miezi mitano. Aliporudi nyumbani, bwana yake na familia wakamfukuza.

Mwaka huohuo Bernstine alipewa tuzo ya Obie juu ya kazi hiyo. Leo ni kati ya waigizaji wa teatre wanaoheshimiwa sana kule Marekani, na mwaka 2024 alifika kwenye orodha ya watano waliogombea tuzo ya Tony, ile kubwa kuliko zote za teatre kule.

Juu ya nini kuzungumzia mwigizaji wa mbali, wakati mashariki mwa Kongo watu wana shida zao za kila siku? Ni juu ya swali moja ambalo wamama wengi wanauliza. Leo ONG inakuja kuchukua ushuhuda, kesho mwandishi wa habari, keshokutwa mchunguzi. Mama anaeleza, analia, anatia kidole kwenye karatasi. Kisha anabaki anajiuliza: maneno yangu yanaenda wapi? Mara nyingi hakuna anayerudi kumjibu. Lakini kwa mchezo huu njia inajulikana, tangu pale ilipoanzia mpaka kwenye tuzo. Kwa kuifuata, tunaweza kuona vizuri kile ambacho jukwaa linaweza kufanya, na pale ambapo linakoma.

Kutoka Kampala mpaka New York

Mchezo unaitwa "Ruined", maana yake "aliyeharibiwa". Ni neno ambalo hata huku linatupwa juu ya wamama waliobakwa, na likishatupwa ni vigumu kulitoa. Aliyeandika mchezo ni Lynn Nottage, mwandishi wa teatre Mmarekani mweusi. Kabla ya kujulikana kwa michezo yake, Nottage alifanya kazi kwenye shirika la haki za binadamu Amnesty International, upande wa kupasha habari.

Mwaka 2004, Nottage na mwongozaji wa teatre Kate Whoriskey walifunga safari mpaka Uganda. Vita ya Ituri ilikuwa imesukuma watu wengi kuvuka mpaka, na kule Kampala walikutana na wamama wakimbizi wa Kongo. Walikaa nao wakawasikiliza. Mwanzoni Nottage alikuwa na wazo la kuchukua mchezo wa Mjerumani Bertolt Brecht juu ya mama mchuuzi anayeishi kwa faida ya vita, na kuuhamishia Kongo. Baada ya kusikia wale wamama, aliacha ile mpango na akaandika mchezo mpya kabisa.

Mambo yote yanapita ndani ya nganda moja, kwenye kijiji cha wachimba madini katika Ituri. Mwenye nganda ni Mama Nadi, mwanamke mwenye roho ngumu na mwepesi wa kuhesabu pesa. Wanajeshi wa serikali wakifika, anawauzia bia. Waasi wakifika, anawauzia bia vilevile, ila kwanza waache masasi mlangoni. Koltani iko pale, biashara ya almasi iko pale. Na wasichana wako pale, Salima kati yao: wale ambao familia zimewafukuza, na ambao hawana mahali pengine pa kulala.

Mchezo ulionyeshwa kwanza Chicago, kwenye teatre ya Goodman, mwisho wa 2008. Kisha ukahamia New York, kwa Manhattan Theatre Club. Mwezi wa ine 2009 Nottage alipewa tuzo ya Pulitzer. Mwaka 2017 aliipata mara ya pili kwa mchezo mwingine, na akawa mwanamke wa kwanza kupata Pulitzer ya teatre mara mbili.

Kazi ya yule anayesimama pembeni

Bernstine hakuwa ndiye mkubwa wa mchezo. Mkubwa ni Mama Nadi, aliyechezwa na Saidah Arrika Ekulona. Msichana Sophie, anayeimba pale kwenye nganda, alichezwa na Condola Rashad. Huyu ni binti ya Phylicia Rashad, mwigizaji aliyekuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kati ya wanawake kushinda Tony ya mwigizaji mkuu katika mchezo wa maneno, mwaka 2004. Kwa hiyo jukwaani kulikuwa na watu wa kutazamwa, na Salima angeweza kupita bila kuonekana.

Lakini Salima njo anayebeba sehemu ngumu zaidi. Katika sehemu kubwa ya mchezo anafanya kazi yake, anagombana na wenzake, anaficha mimba ambayo si ya bwana yake. Kisha anafika wakati wa kueleza ile asubuhi ya shambani. Hakuna vita inayoonyeshwa, hakuna bunduki inayolia. Ni mtu mmoja anasimulia, na watu kwenye viti wanalazimika kuona kwa masikio.

Hii ni kazi inayohitaji kujifunza. Bernstine alisoma kwenye chuo kikuu cha Brown, kisha akaendelea na masomo ya juu ya uigizaji kwenye chuo kikuu cha California kule San Diego. Kwa mchezo wa namna hii, mwigizaji akilia kupita kiasi, watu watamhurumia yeye na kumsahau Salima. Na akisimulia kwa ubaridi, maneno yatapita tu kama habari za redio zinazosomwa haraka. Ni lazima apate kipimo cha katikati, na akipate tena kesho yake, na kesho kutwa, mara nane kwa juma, sawa vile inavyokuwa kawaida kwenye teatre za New York.

Watu wa Kongo wanaweza kuuliza: Mmarekani aliyesoma chuo kikuu atajua nini juu ya mama wa Ituri? Swali ni la haki, na Bernstine mwenyewe alikutana nalo tena kwenye kazi, miaka mitatu baadaye.

Swali la Waherero

Mwaka 2012 alicheza kwenye mchezo wa Jackie Sibblies Drury juu ya Waherero wa Namibia. Kati ya 1904 na 1908, wakati nchi hiyo ilikuwa koloni ya Ujerumani, jeshi la Wajerumani liliwaua Waherero na Wanama kwa maelfu mengi. Ujerumani ilikubali mwaka 2021 tu kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari.

Katika mchezo huo, waigizaji sita Wamarekani, weusi na weupe, wanafanya mazoezi ili waonyeshe historia hiyo. Shida inatokea palepale. Karatasi walizo nazo ni barua za askari Wajerumani walizowaandikia wake zao. Sauti ya Waherero haimo. Waigizaji wanagombana: nani ana haki ya kusema mahali pa wale waliokufa? Na je, wakibuni, wanawatetea au wanawaibia?

Kwa mtu wa mashariki mwa Kongo, hii si hadithi ya mbali. Historia nyingi za vita ya huku zinapatikana kwenye ripoti zilizoandikwa na wageni, kwa Kifaransa au Kiingereza. Ukiweka michezo hii miwili kando kwa kando, tofauti inaonekana. Kwa Waherero, hakukuwa na mtu wa kuuliza tena. Kwa wamama wa Kongo, Nottage alienda kuwauliza wangali hai. Hiyo ni hatua. Lakini baada ya kuulizwa, mambo yaliendelea kwa lugha nyingine na kwenye nchi nyingine.

Tuzo na viti: tupige hesabu

Tuzo ya Obie ilianzishwa mwaka 1956 na gazeti la Village Voice la New York. Hutolewa kwa michezo ya kumbi ndogo, zile ambazo hazihesabiwi ndani ya Broadway. Tony, iliyoanza 1947, ni ya Broadway peke yake. Na tofauti kubwa ya Broadway ni viti: ukumbi unahitaji kuwa na viti 500 au zaidi. Zipo kumbi 41 tu za namna hiyo, na kujaza ukumbi mmoja kunahitaji mamilioni ya dola.

"Ruined" haikupanda Broadway. Ilichezwa kwenye ukumbi wa viti karibu 300. Watu walikuwa wanakuja, na muda wa kuonyesha uliongezwa mara kadhaa. Lakini juu haikufika Broadway, hakuna mchezaji wake aliyeweza kugombea Tony, hata angecheza vizuri namna gani. Obie, yenyewe, haichagui mmoja wa kwanza. Inaweza kuwapa wengi kwa mwaka mmoja. Mwaka ule wachezaji watatu wa "Ruined" waliipata: Ekulona, Bernstine na Russell Gebert Jones.

Tupige hesabu ndogo. Viti 300 mara maonyesho nane kwa juma ni watu 2400, tena kama ukumbi umejaa kila siku. Redio moja ya mtaa huku mashariki inaweza kuwafikia watu wengi kuliko hao kwa saa moja ya asubuhi. Kwa hiyo nguvu ya mchezo haikuwa kwenye wingi wa watu. Ilikuwa kwenye aina ya watu: wenye kununua tiketi, wenye kuandika kwenye magazeti, wenye kujuana na viongozi. Baada ya Pulitzer, teatre nyingine za Marekani zilichukua mchezo, na mwaka 2010 ulionyeshwa London. Kitabu chake kinasomwa kwenye vyuo vikuu. Vijana wa kule wanajifunza neno "Ituri" kupitia mdomo wa Salima.

Si jambo dogo. Lakini ni lazima kusema pia upande wa pili: mchezo uliandikwa kwa Kiingereza. Mama wa Irumu, wa Djugu au wa Mambasa anayesema Kiswahili, au Lingala, au lugha ya kabila lake, hawezi kufungua kile kitabu na kujitambua ndani. Ushuhuda ulivuka bahari, na kurudi kwake ni kazi ambayo bado inahitaji mtu wa kuifanya.

Mama watatu, na kiti cha pembeni

Maisha ya kazi ya Bernstine baada ya Salima yana jambo la kushangaza kidogo. Mwisho wa 2009 alipanda Broadway kwenye mchezo wa Sarah Ruhl, "In the Next Room". Alicheza Elizabeth, mwanamke mweusi aliyefiwa na mtoto wake, na ambaye analipwa pesa ili anyonyeshe mtoto wa tajiri mweupe. Mwaka 2019 alikuwa mtu mkubwa wa mchezo "Marys Seacole", juu ya yule Mjamaika Mary Seacole aliyeenda kuuguza askari kwenye vita ya Crimea katika miaka ya 1850.

Kisha ukafika 2024, na mchezo "Doubt" wa John Patrick Shanley. Mchezo unapita mwaka 1964 kwenye masomo ya Kikatoliki kule Bronx. Masista wanashuku kwamba padri anamfanyia ubaya mvulana mmoja, mwanafunzi mweusi wa kwanza wa masomo yale. Bernstine alicheza mama ya yule mvulana. Anaonekana mara moja tu. Anaingia, anaongea na mkubwa wa masomo, anatoka. Lakini katika dakika zile chache watu wanaona mama anayechagua kati ya mabaya mawili: kunyamaza ili mwanawe amalize masomo, ao kusema na kumharibia maisha nyumbani na nje. Kwa kazi hiyo alipendekezwa kugombea Tony. Hakuipata, ilienda kwa Kara Young. Lakini kutoka Salima mpaka hapo ilikuwa imepita miaka 15.

Salima, Elizabeth, mama wa Bronx. Wote watatu ni mama wanaobeba uchungu wa mtoto. Wote watatu wamewekwa pembeni ya hadithi ya watu wengine, na wote watatu hawana wakati mrefu wa kusema. Katika ile miaka, televizyo pia ilimtumia Bernstine, kwa mfano kwenye mfululizo wa "Power", na sinema ilimpa nafasi ndogo kwenye "Manchester by the Sea" ya 2016. Waigizaji wengi wa teatre kule wanaishi hivyo: televizyo ndiyo inayolipa nyumba, na jukwaa ndilo linaloleta heshima.

Hapo kuna la kujifunza kwa wale wanaochukua ushuhuda huku. Mara nyingi mama anapewa dakika tano, katikati ya semineri, kisha wakubwa wanaendelea na hotuba zao. Dakika tano zinaweza kutosha, ikiwa wale wanaosikiliza wanajua kwamba njo dakika kubwa za siku ile.

Njia nyingine: mahakama

Kuna njia ya pili ambayo ushuhuda wa Ituri ulipitia katika miaka ileile. Ni ya CPI kule La Haye. Mwezi wa saba 2019, Bosco Ntaganda alihukumiwa kuwa na hatia ya makosa 18 aliyofanya Ituri mwaka 2002 na 2003, pamoja na ubakaji na utumwa wa ngono. Alipewa miaka 30 ya gereza. Mahakama iliagiza malipizi kwa wahanga, na mwaka 2023 kiasi kilipangwa kuwa zaidi ya dola milioni 31. Ntaganda hana pesa hizo, kwa hiyo Mfuko wa wahanga wa CPI ndio unaopaswa kuzitafuta.

Kongo nayo ilipitisha sheria mwezi wa kumi na mbili 2022 juu ya ulinzi na malipizi kwa wahanga wa ubakaji wa wakati wa vita. Sheria hiyo ndiyo inayosimamia mfuko wa FONAREV, unaopata sehemu ya malipo ambayo serikali inachukua kwenye madini. Ile koltani iliyokuwa inalewesha watu kwenye nganda ya Mama Nadi, kwenye karatasi inapaswa sasa kusaidia kumlipa Salima.

Mahakama na teatre hazitafuti kitu kimoja. Mahakama inataka jina, tarehe, mahali, na nani alifanya. Teatre inaweza kubadilisha majina yote. Salima si mama fulani wa kijiji fulani; hakuna jirani anayeweza kumwonyesha kidole sokoni. Wale wamama wa Kampala walisema, na siri yao ikabaki kwao. Hiyo ni heshima ambayo simu za leo hazina. Mara ngapi picha ya mama aliyebakwa imezunguka kwenye WhatsApp, uso wazi, jina la kijiji chini yake, na watoto wake wakaikuta huko?

Huku mashariki teatre ya aina hiyo si kitu kigeni. Vikundi vya vijana vinacheza sokoni na kwenye kambi za wahamaji, kwa namna ya teatre shirikishi: mchezo unasimamishwa katikati, na watu wanaulizwa, "Wewe ungekuwa ule bwana, ungefanya nini?" Hakuna Obie wala Tony pale. Lakini kuna kitu ambacho New York haikuwa nacho: kati ya wale wanaotazama, iko bwana mwenyewe.

Bwana na chungu

Ndani ya "Ruined", bwana ya Salima anaitwa Fortune. Ile siku wanajeshi walipofika, yeye alikuwa ameenda kununua chungu cha chuma. Baadaye anajuta. Anakuja kumtafuta bibi yake, anasimama nje ya nganda, mchana na usiku, mvua ikinyesha, chungu mkononi. Salima anakataa kutoka, juu ana mimba, na anajua atafukuzwa mara ya pili. Mwishoni anakufa mbele ya bwana yake na ya wanajeshi, na maneno yake ya mwisho yanawalenga wote.

Wakosoaji wengine wa Marekani walisema mwisho wa mchezo una matumaini kupita kiasi, juu Mama Nadi anapata mapenzi. Ukitazama upande wa Salima, hilo ni vigumu kulikubali. Kwake yeye Fortune alifika akiwa amechelewa.

Bernstine alicheza kifo hicho mara nyingi, na kila usiku aliinuka, akasalimia watu, akarudi nyumbani. Wamama wenyewe wanahitaji kuinuka mchana, na wakati ambapo bado kuna mlango wa kurudia. Daktari anaweza kutibu mwili, mahakama inaweza kufunga mtu, mfuko unaweza kulipa. Lakini kumfungulia mama mlango ni kazi ya bwana, ya mama mkwe, ya chefu wa kijiji, ya majirani wanaoacha kumwita "aliyeharibiwa". Kwa hiyo kazi, hakuna haja ya kungojea mtu atoke New York.